Barua Pepe za Kitapeli Zenye Viambatisho: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua na Kuzikwepa

Machi 2011 kampuni ya RSA ya Marekani ilitangaza kwamba imevamiwa. RSA ndiyo iliyokuwa ikitengeneza vile vifaa vidogo vinavyotoa namba za siri za kuingilia kwenye mitandao ya makampuni na mabenki, kwa hiyo usalama ulikuwa ndio ugali wao. Wavamizi walipitia kwenye barua pepe yenye kichwa "2011 Recruitment Plan", yaani mpango wa ajira wa mwaka ule, na ndani yake faili moja la Excel. Ujanja wao ulikuwa wa kawaida tu. Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba mfumo wa barua ulikuwa umeshaishuku barua hiyo na kuitupa kwenye folda ya barua taka. Mfanyakazi mmoja akaiona humo, kichwa kikamvutia, akaitoa, akafungua faili. Kampuni mama, EMC, ilikuja kutaja gharama ya dola milioni 66.

Kama wao walinaswa, sisi wengine tusijidanganye kwamba tuna jicho kali. Na tusitegemee jicho. Faili likiwa limelala kwenye kikasha chako, kwa kawaida halifanyi lolote. Linangoja mkono wako: ulifungue, uliruhusu, uliandikie nenosiri. Hila zote nitakazozieleza hapa, ziwe za mwaka 1999 au za wiki iliyopita, zimetungwa kuupata huo mkono. Kwa hiyo swali la kubeba tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: barua hii inataka nifanye nini?

Hatua ya 1: Kabla ya kuangalia chochote, jiulize kama ulikuwa unaisubiri

Chambo hazibadiliki sana. Ankara iliyochelewa kulipwa. Risiti ya kitu ambacho hukununua. Mzigo uliokwama. Wito wa mahakama. Orodha mpya ya mishahara, ambayo nadhani ndiyo mbaya kuliko zote, maana nani ataiacha? Ujumbe wa sauti ulioukosa. Hati "iliyoskaniwa" kutoka kwenye printa ya ofisini. Zote zinagusa hofu, pesa au udadisi, na nyingi zinakuwekea saa ukutani: leo kabla ya saa kumi, la sivyo akaunti inafungwa.

Ushauri wa zamani wa kutafuta makosa ya lugha umepitwa na wakati. Siku hizi tapeli ana programu za akili mnemba zinazomwandikia barua safi, yenye salamu na heshima zote, kwa lugha yoyote anayotaka. Barua yenye makosa bado ni ya kutiliwa shaka, ila barua isiyo na kosa hata moja haijathibitisha kitu.

Swali la "niliisubiri?" linamsaidia mtu binafsi kuliko mtu wa ofisini. Anayeshughulikia ajira hupokea wasifu wa watu asiowajua kila siku, na mhasibu hupokea ankara. Matapeli wanalijua hilo. Benki kuu ya Bangladesh, iliyoibiwa dola milioni 81 Februari 2016, ilikuwa imeanza kutumiwa barua mwaka mmoja kabla na mtu aliyejifanya mtafuta kazi, akiwaomba maafisa wapakue wasifu wake. Hakuna la ajabu katika barua ya namna hiyo. Kama kazi yako ndiyo hiyo, usitumie muda mwingi hapa. Ulinzi wako utatoka kwenye hatua ya tatu, ya nne na ya tano.

Hatua ya 2: Soma anwani, usisome jina

Jina linaloonekana juu ya barua ni maandishi tu. Mtu yeyote anaweza kuandika hapo "Mkurugenzi" au "Idara ya Malipo". Anwani yenyewe ndiyo ya kutazamwa, na kwenye simu mara nyingi imefichwa: gusa jina la mtumaji mpaka anwani nzima ijitokeze.

Kisha isome kuanzia kulia. Baada ya alama ya @, mwenye mali ni yule anayekaa mwisho kabisa. Anwani inayoishia na "kampuniyako.com.hati-mpya.net" haina uhusiano na kampuni yako, mwenyewe ni hati-mpya.net. Angalia pia herufi zilizobanana: r na n zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo hufanana na m, sifuri hujifanya o, namba moja hujifanya herufi l. Na kabla ya kujibu, tazama jibu lako linaelekea wapi. Wengine huweka anwani ya kweli kwenye mtumaji, halafu sehemu ya kujibia wakaelekeza kwao.

Ukitumia Gmail kwenye kompyuta, bofya nukta tatu kando ya barua, kisha "Show original". Utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ambayo ni vipimo vitatu vya kuthibitisha barua imetoka wapi, kila mmoja na PASS au FAIL. Ukikuta FAIL kwenye barua inayodai kutoka taasisi kubwa, ishia hapo. Ukikuta PASS zote tatu usishangilie: maana yake ni kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kilichoandikwa, yaani ile sehemu iliyo baada ya @, na tapeli naye anaweza kununua kikoa chake na kukipanga vizuri.

Sasa lile gumu. Anwani inaweza kuwa sahihi kabisa, ya mtu unayemfahamu, na barua bado ikawa na sumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kirusi kiitwacho Emotet, kilichoanza kuonekana 2014, kilifikia hatua ya kuiba mazungumzo ya barua pepe ya watu kiliowaambukiza, kisha kikajibu ndani ya mazungumzo hayohayo: kichwa kilekile, maneno yako ya wiki iliyopita yakiwa chini, na juu yake mstari mmoja tu wa kukuomba utazame faili. Polisi wa nchi kadhaa wakishirikiana na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, walizizima seva zake Januari 2021, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimerudi. Anwani mbovu inatosha kuihukumu barua. Anwani nzuri haitoshi kuisafisha.

Ukiwa na shaka, mpigie mtumaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua, na usiulize kwa kuijibu barua hiyohiyo. Kama akaunti imetekwa, atakayekujibu "ndiyo, ni mimi, fungua tu" ni tapeli mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma jina la faili mpaka herufi ya mwisho

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu jina la faili ni ushahidi mgumu kidogo kuughushi, mradi ulione lote.

Tarehe 4 Mei 2000 ilianza kuenea barua yenye kichwa "ILOVEYOU", ikitokea Ufilipino, na kwa siku chache ikaingia kwenye mamilioni ya kompyuta. Kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ile .vbs ya mwisho ndiyo iliyokuwa programu, lakini Windows ilikuwa na desturi ya kuficha herufi za mwisho za majina ya mafaili. Watu wakaona TXT, wakadhani ni maandishi matupu, wakafungua barua ya mapenzi.

Desturi hiyo ipo mpaka leo. Iondoe sasa hivi: kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo iko moja kwa moja ndani ya View. Ni kazi ya nusu dakika, na kama ungefanya jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, ningekuomba liwe hili.

Baada ya hapo, kinachoamua ni herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho:

- .exe, .scr, .com, .msi, .bat, .cmd, .js, .vbs, .wsf, .hta, .ps1, .jar: hizi ni programu au amri za kuendesha kompyuta. Hakuna ankara wala wasifu wa kazi unaokuja hivi. Futa.
- .lnk: njia ya mkato. Inaweza kubeba amri ndefu iliyofichwa nyuma ya alama ya PDF. Futa.
- .iso, .img: sanduku la diski. Ukilibofya hujifungua kama diski mpya, na ndani yake kuna moja ya hayo ya juu.
- .docm, .xlsm: Word na Excel zenye makro. Tutazirudia.
- .html, .htm, .svg: hufunguka kwenye kivinjari. Watu huzidharau kwa sababu zinaonekana kama ukurasa au picha tu, kumbe .svg inaweza kubeba msimbo ndani yake.
- .zip, .rar, .7z: mfuko. Hukumu yake ni hukumu ya kilichomo ndani.

Kuhusu mifuko kuna jambo moja. Mara nyingine .zip inakuja imefungwa kwa nenosiri, na nenosiri limeandikwa palepale kwenye barua. Mtu anayefunga mlango na kuacha ufunguo ukining'inia hajaficha mali yake na wezi. Anachofanya ni kumzuia mkaguzi: mifumo ya barua hukagua mafaili kabla hayajakufikia, Gmail kwa mfano hukataa .exe hata ikiwa imewekwa ndani ya zip, lakini mfuko wenye nenosiri ni vigumu kuuchungulia. Ukiuona mpangilio huo, jibu lako liwe hapana, na kama mtumaji unamjua, mwombe akutumie kwa njia nyingine.

Kuna na hila moja ya kijanja zaidi. Ipo alama ya maandishi isiyoonekana, iliyowekwa kwa ajili ya lugha kama Kiarabu, inayogeuza mwelekeo wa herufi zinazoifuata. Tapeli huipachika katikati ya jina, na faili linaloishia na fdp.exe likaonekana kwenye skrini kama linaishia na exe.pdf. Tiba yake ni kutoliamini jina peke yake: panga folda kwa mwonekano wa "Details" na usome safu ya "Type". Kama jina linadai PDF na safu inasema "Application", umemkamata.

Hatua ya 4: Chungulia bila kufungua

Faili likipita hatua ya tatu, labda ni .pdf au .docx ya kawaida, bado usilipakue. Huduma nyingi za barua zinaweza kukuonyesha yaliyomo ndani ya kivinjari. Hapo faili linafunguliwa kwenye seva zao na wewe unaona picha yake, jambo linalozikata makali hila nyingi.

Unapochungulia, tafuta ombi. PDF yenye ukurasa mmoja na kitufe kikubwa cha "Tazama hati" si hati, ni bango la kukuelekeza kwingine. Msimbo wa QR ndani ya kiambatisho ni mbaya zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kukuhamisha kutoka kwenye kompyuta ya ofisi yenye ulinzi kwenda kwenye simu yako isiyo nao. Sijawahi kuona sababu ya maana ya mtu kukutumia QR kwenye skrini ambayo tayari ingeweza kukupa kiungo cha kubofya.

Unaweza pia kulipitisha faili kwenye VirusTotal, tovuti ya bure iliyoanzishwa Hispania 2004 na kununuliwa na Google 2012, inayolikagua kwa programu nyingi za kuzuia virusi kwa mpigo. Mambo mawili uyajue. Faili unalopakia pale hushirikishwa kwa makampuni na watafiti, kwa hiyo usipeleke mikataba, vyeti vya hospitali wala taarifa za wateja. Pili, kirusi kilichotengenezwa asubuhi hii kinaweza kupita kikiwa safi. Likigundulika ni baya, amini. Likionekana safi, endelea kuwa na tahadhari.

Hatua ya 5: Kataa ruhusa ya pili

Hati yoyote ya kweli inasomeka kwa kuifungua tu. Ikitaka jambo la ziada ili "ionekane", hapo ndipo penye mtego.

Mbinu ya makro ndiyo kongwe. Makro ni programu ndogo zinazokaa ndani ya hati za Word na Excel. Machi 1999 kirusi cha Melissa kilizitumia kujituma kwa watu 50 wa kwanza kwenye kitabu cha anwani cha kila aliyekifungua. Kwa miaka zaidi ya ishirini baadaye watu walipokea hati zenye ukungu na maneno kama "hati hii imelindwa, bofya Enable Content ili kuisoma". Mwaka 2022 Microsoft ikaamua kuzizuia moja kwa moja makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Matapeli hawakustaafu. Walihamia kwenye .iso na .lnk, mwanzoni mwa 2023 wakajaribu mafaili ya OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia kumbukumbu, na wengine wakaanza kuwaelekeza watu namna ya kuondoa kizuizi wenyewe: bofya kulia, fungua Properties, weka tiki kwenye "Unblock". Barua ikikufundisha kuzima ulinzi wa kompyuta yako, imeshajitaja.

Kuna pia ule ukanda wa njano juu ya Word wenye "Enable Editing". Wengi huubofya kwa mazoea. Ukanda huo unamaanisha hati imefungwa kwenye chumba cha uangalizi, na unaweza kuisoma yote humohumo. Mwaka 2017 liligunduliwa tundu kwenye sehemu ya Office ya kuandikia hesabu, ambalo halikuhitaji makro yoyote. Kutoka nje ya kile chumba kulitosha. Lilizibwa Novemba 2017, na bado kwa miaka mingi baadaye matapeli waliendelea kulitumia dhidi ya watu wasiosasisha programu zao.

Sura mbili mpya. Ya kwanza ni kiambatisho cha .html kinachofungua ukurasa wa kukuomba nenosiri la barua pepe. Tazama juu kwenye kivinjari: kama anwani inaanza na "file:", ukurasa huo uko ndani ya kompyuta yako mwenyewe, na utakachoandika kitakwenda kwa aliyeutuma. Ya pili imeshamiri tangu 2024: ukurasa unasema kuna hitilafu, unakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha ubandike na kubonyeza Enter. Ukurasa ulikuwa umeshakunakilia amri ya mvamizi kimyakimya, na wewe umeibandika kwa mkono wako. Hakuna hati duniani inayosomwa kwa namna hiyo.

Kwenye simu ya Android hali ni rahisi: kiambatisho cha .apk ni programu. Usikiruhusu.

Hatua ya 6: Iandae mashine kwa siku utakayokosea

Utachoka, utakuwa na haraka, utabofya. Kwa hiyo sasisha mfumo, Office na kivinjari bila kuahirisha. Fanya kazi zako za kila siku kwenye akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, ili faili baya likifunguka lisiweze kugusa kila kitu. Yapange mafaili ya .js yafunguliwe na Notepad, hivyo ukiyabofya kwa bahati mbaya utaona maandishi badala ya maafa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ukianza na barua pepe.

Na weka nakala rudufu kwenye diski unayoichomoa ukimaliza. Programu zinazofunga mafaili na kudai fidia hutafuta diski zilizochomekwa na folda za mtandaoni zilizounganishwa, na kuzifunga nazo.

Hatua ya 7: Umeshafungua. Fanya haya, kwa mpangilio huu

Kwanza kata mtandao. Chomoa waya, zima Wi-Fi. Usiizime kompyuta ya kazini kabla ya kuongea na mafundi, kwani ushahidi mwingi hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ila kama unaona mafaili yanabadilika majina mbele ya macho yako na huwezi kuukata mtandao, hapo zima.

Pili, sema. Katika ofisi moja niliyowahi kusaidia, mtu alifungua faili asubuhi, akajua amekosea, akanyamaza mpaka mchana kwa aibu. Faili lenyewe tungelimaliza kwa kompyuta moja. Kimya chake kikatuletea kompyuta tisa zilizoambukizwa. Na kama wewe ndiye kiongozi, ujue kwamba ukimfokea wa kwanza aliyesema, wa pili hatasema.

Tatu, chukua kifaa kingine kilicho safi, ubadilishe nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote, kwa kuwa nywila za akaunti nyingine huombwa upya kupitia hapo. Usiishie kwenye nenosiri. Programu nyingi za wizi huchukua pia vidakuzi vya kivinjari, yaani mafaili madogo yanayokumbuka kwamba umeshaingia, vinavyomwezesha mwizi kuingia bila nenosiri wala hatua ya pili. Tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote, ukibofye. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua uangalie kama kuna kanuni mpya ya kusambaza barua zako kwa mtu mwingine, au ya kuficha barua zenye neno kama "malipo". Hiyo ndiyo alama ambayo watu hawaikagui, na mvamizi huendelea kusoma barua zao kwa miezi. Baada ya barua pepe fuata benki na huduma za pesa.

Nne, ikague kompyuta kwa ukaguzi wa nje ya mfumo. Windows ina "Microsoft Defender Offline" inayoiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla kirusi hakijaamka. Kama faili lilikuwa programu kamili na uliliruhusu, mimi binafsi siridhiki na ukaguzi. Naweka mfumo mpya na kurudisha nakala rudufu.

Mafaili yakiwa yamefungwa na unadaiwa fidia, usiyafute. Tembelea mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni mawili ya usalama. Unatoa bure funguo za aina kadhaa za programu hizo, na ufunguo ambao haupo leo unaweza kupatikana mwakani.

Mwisho, waonye wenzako, lakini usiwasambazie barua yenyewe. Nimeshuhudia onyo lenye kichwa "MSIFUNGUE HII" likiwa limebeba kiambatisho kilekile, na watu wawili wakakifungua ili waone wanaonywa nini. Piga picha ya skrini, tuma picha.